Mashine zote zikiwaka, povu linagoma

SWALI: Habari fundi, mimi nina dobi ndogo Kigamboni, natumia maji ya kisima na nimefunga mtambo wa kulainisha maji wenye rezini (zile punje ndogo zinazonasa ugumu) lita 25. Ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu, tulipima ukasoma miligramu 400 kwa lita. Jioni nikiwasha mashine moja povu linakuja vizuri tu, ila asubuhi zikiwaka zote tatu sabuni inagoma na mataulo yanatoka makavu kama magunia. Kwenye bomba la kutokea, ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 35 asubuhi, jioni inachukua dakika 2 na nusu. Fundi aliyenifungia anasema rezini imekufa ninunue nyingine. Na je nikiyalaza maji mle usiku kucha yatalainika zaidi?

JIBU: Dada yangu usinunue kwanza! Rezini iliyokufa ingekusumbua hata jioni, yako haipewi muda. Zile punje ndogo za rezini zimebeba sodiamu, kalsiamu na magnesiamu za kisima zikipita zinatakiwa zizame mpaka ndani ya punje zibadilishane nayo nafasi, na kuzama huko kunataka muda, maji yakikimbia sana nyingine zinapitiliza hivyohivyo mpaka kwenye mashine. Sasa kujua maji yanakaa na rezini muda gani, chukua muda wa ndoo kujaa uongeze robo yake, kwa sababu rezini yako ni lita 25 na ndoo ni 20. Asubuhi unapata sekunde 44, jioni dakika 3 na ushee. Na hapo tumehesabu kama vile tanki ni tupu, wakati maji yanapita kwenye upenyo tu kati ya punje, kwahiyo kugusana kwenyewe ni kufupi zaidi ya hapo.

Mimi nisingeshuka chini ya dakika moja na nusu, yaani ndoo yako ijae kwa sekunde 72 au zaidi. Najua dobi huwezi kuwaambia wateja wasubiri, kwahiyo weka tanki la plastiki la lita 2,000 baada ya mtambo, lijaze taratibu usiku, asubuhi mashine zinyonye kutoka pale hata zikiwa tatu. Ila usibane valvu mpaka maji yadondoke tone tone, yakienda polepole kupita kiasi yanajichimbia njia moja na rezini ya pembeni haifanyi kazi.

Kuyalaza usiku, hapana. Kubadilishana kunafika mahali kunatulia, ukifika hapo hata uyaache wiki hakiongezeki kitu. Na kwa ugumu wa 400, lita 25 zinalainisha kama lita 3,000 hivi ndio zinataka chumvi tena ya kuzirudishia sodiamu, zikishashiba hakuna muda utakaozisaidia.

Halafu hiyo chumvi yenyewe, hapa ndio naona watu wengi wanaharibu, wanaimwaga ipite haraka dakika kumi wamemaliza. Kalsiamu nayo inataka muda kutoka ndani ya punje! Maji ya chumvi ya kama asilimia 10 yapite polepole, nusu saa hivi, kisha suuza vizuri. Kama kijana wako anaharakisha hapo, hata ukinunua rezini mpya mwezi huu itakusumbua vilevile.

Ila kama kisima chako kina ladha ya chumvi, ladha hiyo itabaki, mtambo huu unatoa ugumu tu.