Maswali ya wasomaji: RNA ya mhogo, barua 40 kwa maprofesa, na "atasoma mpaka lini?"

Barua za mwezi huu zimetoka pande zote za Mwanza, na karibu zote zinahusu kitu kimoja: vijana wanaotaka kuishi kwa utafiti wa RNA (molekuli inayobeba ujumbe wa jeni ndani ya seli) na baiokemia. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu asiyeweza kutoa RNA safi hana cha kuandika kwenye maombi yake.

*Shikamooni wataalamu. Nipo maabara ya mimea wilayani Misungwi, najiandaa kuomba nafasi ya uzamili. Natoa RNA kwenye majani ya mhogo ili kupima virusi vya michirizi ya kahawia. Mashine ya kupima usafi wa RNA kwa mwanga inasoma 260/280 ni 1.9, lakini 260/230 ni 0.6, na PCR (kipimo cha kuzidisha nakala za DNA) haitoi kitu. Kwenye jeli ya kutenganisha RNA kwa umeme naona mistari minne badala ya miwili. Wenzangu wanasema RNA imeoza. Ni kweli?* (Fundi maabara, Misungwi)

Marahaba. Tuanze na jeli, maana hapo umehukumiwa bure. Mistari miwili ni habari ya wanyama. Jani lina kloroplasti, na kloroplasti ina ribosomu zake (mitambo ya kutengeneza protini), kwa hiyo pamoja na RNA za ribosomu za seli, 25S na 18S, utaona 23S na 16S za kloroplasti. Hiyo 23S nayo kwa asili yake hukatika vipande ikishakomaa, hivyo hata mistari mitano isikushtue. Mradi kingo zake ni kali, RNA yako ni nzima. RNA iliyooza huonekana kama moshi unaoteremka mpaka chini ya jeli, bila mstari wa kushika.

Tatizo lako ni hiyo 0.6. RNA safi inatakiwa ikaribie 2.0 au ipite kidogo. Majani ya mhogo yana wanga na polifenoli nyingi. Vikishuka pamoja na RNA huzuia kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa DNA, na PCR inakaa kimya hata kama jani limejaa virusi. Kama unatumia dawa ya kutolea RNA yenye guanidini, chumvi yake nayo hushusha namba hiyohiyo. Na ile 1.9 isikupe usingizi: 260/280 inakueleza habari za protini tu, haijui kama nyuzi za RNA ni nzima au zimekatikakatika.

Jaribu njia ya CTAB (aina ya sabuni ya maabara). Chukua miligramu 100 za jani, saga kwa kinu na mchi vilivyopozwa kwa naitrojeni kimiminika mpaka upate unga, na usiuache unga uyeyuke kabla ya bafa kuingia. Mimina mililita 1 ya bafa iliyokwisha kupashwa hadi nyuzi 65: CTAB 2%, PVP 2%, NaCl molari 2, EDTA milimolari 25, Tris milimolari 100 yenye pH 8. Beta-mekaptoethanoli 2% iingie dakika ya mwisho, ndani ya kabati la kufyonza hewa. Ikichanganywa wiki moja kabla inakuwa imepoteza nguvu, na utaona unga unageuka kahawia mbele ya macho yako. Acha dakika 15 kwenye nyuzi 65, ukigeuzageuza kichupa kila baada ya dakika 5.

Ongeza ujazo sawa wa klorofomu na alkoholi ya isoamili (24 kwa 1), zungusha kwenye sentrifuji kwa 12,000 g dakika 15 kwenye nyuzi 4, chukua maji ya juu, kisha rudia. Unapochota, acha mikrolita 100 hivi juu ya ule utando mweupe wa katikati. Tamaa ya kuchota yote ndiyo huleta 0.6. Baada ya hapo weka kloridi ya lithi ya molari 10, robo ya ujazo ulionao, ulaze kichupa kwenye nyuzi 4 usiku kucha. Lithi hushusha RNA na kuacha sehemu kubwa ya DNA na wanga juu. Asubuhi zungusha dakika 30, osha mashapo mara mbili kwa ethanoli 75%, yakaushe dakika 5 tu. Yakikauka mpaka yang'ae kama kioo, kuyayeyusha ni kazi. Malizia na mikrolita 50 za maji yasiyo na RNase (kimeng'enya kinachokata RNA). DNA kidogo itakuwa imebaki, kwa hiyo pitisha DNase, inayokata DNA, na kwenye PCR weka kila mara kichupa kimoja kisicho na kile kimeng'enya cha kugeuza RNA. Kichupa hicho kikitoa jibu, unapima DNA.

Maji yenyewe: DEPC (kemikali ya kuzima RNase) mililita 1 kwa lita 1, usiku kucha, kisha otoklevu. Usiweke DEPC ndani ya bafa ya Tris, kwani hushikana na Tris na kuisha kazi. Tumia maji yaliyotibiwa ndipo uchanganye Tris. Wala usidhani otoklevu peke yake inaua RNase. RNase A imefungwa kwa vifungo vinne vya salfa, huchemshwa na ikipoa hujikunja tena ikafanya kazi kama jana.

Kama umeme kwenu hukatika, usiyeyushe mashapo mapema: mashapo ya RNA yaliyomo ndani ya ethanoli 75% hukaa hata mwaka kwenye friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na wiki nzima kwenye jokofu la nyuzi 4. Yayeyushe siku ya kutumia. Na mabaki ya dawa yenye guanidini msiyamwagie jiki hata siku moja, maana hutoa gesi ya sumu.

Angalia pia jani unalochuma. Batobato, ugonjwa mwingine wa mhogo, huonekana zaidi kwenye majani machanga ya juu, lakini michirizi ya kahawia hujitokeza kwenye majani yaliyokomaa ya chini. Waliozoea kupima batobato, ambayo virusi vyake ni vya DNA, huchuma kileleni kwa mazoea.

Kwa maombi yako ya uzamili: kila kundi la sampuli liwe na tarehe, namba zote mbili na picha ya jeli, hata lililoharibika. Msimamizi atakayekuhoji atauliza lililoharibika kwanza.

*Habari za kazi. Nipo mwaka wa mwisho, nina GPA ya 3.6. Nimewaandikia maprofesa 40 wa RNA huko Marekani na Ujerumani, hakuna aliyejibu. Nimekosea wapi?* (Mwanafunzi, Bugando)

Barua 40 zinazofanana ni barua moja iliyotumwa mara 40, na mpokeaji anaijua tangu kwenye salamu. Andika tano, kila moja isizidi maneno 200, na sentensi yake ya kwanza kabisa ionyeshe kwamba umesoma kazi ya mtu huyo. Kwa Kiingereza chako mwenyewe, kitu cha namna hii: "Kwenye makala yenu kuhusu kimeng'enya kinachokata RNA ya kirusi, mchoro wa tatu umetumia RNA iliyotengenezwa maabara. Je, mmejaribu iliyotoka kwenye mmea wenyewe? Natoa RNA kwenye majani ya mhogo; nimeambatanisha picha ya jeli." Hapo anajua unachokijua na unachoweza. Maneno kama "nina shauku kubwa tangu utotoni" yaache.

Kisha ujue mlango unafunguliwa na nani. Marekani, kwenye programu nyingi za baiokemia, profesa hakuingizi. Kamati ndiyo inachagua, na maombi hufungwa karibu na mwanzo au katikati ya Desemba. Unaruhusiwa kuomba uzamivu moja kwa moja na shahada ya kwanza. Ujerumani kwa kawaida wanataka uzamili kwanza, na huko nafasi hutangazwa kama kazi, kwa hiyo jibu tangazo lenyewe.

GPA yako usiigeuze kwa kichwa chako. 3.6 ya Tanzania ni kati ya 5, nao huko wanahesabu kati ya 4. Andika "3.6 kati ya 5.0, daraja la pili la juu" na ambatanisha maelezo ya madaraja ya chuo. Kwa hapa nyumbani, matangazo mengi ya Mkufunzi Msaidizi hudai 3.8, hivyo njia hiyo kwa sasa ni nyembamba. Njia pana zaidi ni kuwa msaidizi wa utafiti kwenye mradi, na usitazame hospitali tu: NIMR Mwanza (utafiti wa magonjwa ya binadamu), MITU (majaribio ya tiba), TARI Ukiriguru (kilimo) na TAFIRI (uvuvi) zote zipo jirani yako. Mwaka mmoja au miwili humo hukupa mtu wa kukuandikia barua ya pendekezo aliyekuona ukirudia jaribio mara ya nne. Mhadhiri aliyekufundisha ukiwa kwenye ukumbi wa watu 300 atakuandikia kwamba ulihudhuria. Mpe kila mwandishi wiki nne, pamoja na orodha ya vyuo na tarehe zake.

*Binti yetu ana miaka 26, amepata nafasi ya uzamivu wa RNA Marekani. Anasema ni miaka mitano au sita, halafu kuna "utafiti baada ya uzamivu". Atasoma mpaka lini? Na sisi tuuze kiwanja?* (Baba mzazi, Igoma)

Shikamoo mzee. Kiwanja kiacheni. Uzamivu wa sayansi Marekani kwa kawaida hulipiwa ada, bima ya afya, na mwanafunzi hupewa posho ya kujikimu. Mtakachohitaji ni ada ya visa, nauli, na akiba ya kama mwezi mmoja na nusu, kwa sababu posho ya kwanza huja baada ya kodi ya chumba kudaiwa. Kabla hajasaini, aulize kwa maandishi: posho ni ya miezi 12 au 9? Imehakikishwa kwa miaka mingapi? Fedha za msimamizi zikiisha katikati, nani analipa? Aongee pia na mwanafunzi aliyeiacha maabara hiyo, si waliopo tu.

Hesabu ya umri: akimaliza ana 31 au 32. Utafiti baada ya uzamivu huchukua mingine mitatu hadi mitano, na huo ni ajira yenye mshahara. Ni ngazi ya lazima kwa anayetafuta uprofesa huko. Kwa Tanzania si lazima: mwenye uzamivu huomba Uhadhiri moja kwa moja. Akumbuke tu kwamba matangazo ya ajira za umma hapa mara nyingi huweka ukomo wa miaka 45.

Watu watawapigia mfano wa Katalin Karikó, mwanabaiokemia ambaye utafiti wake wa RNA ulizaa chanjo za UVIKO-19, ili kuwatia moyo. Sisi tungeusoma kama hesabu: alishushwa cheo chuoni mwaka 1995, makala yake na Drew Weissman kuhusu kubadili vijenzi vya RNA ilitoka 2005, Nobeli ikaja 2023. Binti awe na jibu la atakachofanya kama mambo yatakawia hivyo. Vipimo vya magonjwa, viwanda vya chanjo na mamlaka za udhibiti wa dawa zote huajiri watu wa fani yake.

*Nafundisha baiolojia Ukerewe, nina kompyuta ndogo ya RAM gigabaiti 8 na intaneti ya simu. Naweza kuanza utafiti wa RNA bila maabara?* (Mwalimu, Nansio)

Unaweza, mwalimu, ukianzia pazuri. Data za usomaji wa RNA zimewekwa wazi kwenye hazina ya mtandaoni ya GEO. Usipakue faili ghafi: sampuli moja hufika gigabaiti kadhaa na bando lako litaisha kabla ya saa sita mchana. Tafuta jedwali la hesabu (kila jeni imesomwa mara ngapi), ambalo mara nyingi ni megabaiti chache, kisha tumia R (lugha ya takwimu) na DESeq2 (kifurushi chake cha kulinganisha jeni), vyote bure. Wanaoanza wengi huingiza namba zilizokwisha kusawazishwa, za TPM au FPKM. DESeq2 inataka hesabu kamili zisizo na desimali, na ukiipa nyingine majibu yatakuwa ya uongo hata kama programu haikulalamika. Angalia pia sampuli ni ngapi kila upande. Zikiwa mbili kwa mbili achana nazo, tafuta seti yenye tatu au zaidi.