Rafiki anazama: niruke au nisiruke?

SWALI: Wiki 3 zilizopita tulikuwa mtoni na marafiki. Mmoja wetu aliteleza akaangukia penye kina. Mimi najua kuogelea, nikaruka. Nilipomfikia alinikaba shingoni, tukazama wote wawili. Aliyetuokoa ni mtu tusiyemjua: alilala kifudifudi ukingoni akatunyooshea tawi refu. Tangu siku hiyo najiuliza, nilikosea kuruka? Na rafiki yangu alipotolewa, watu walimbonyeza tumbo ili atapike maji. Je, ni sahihi?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu, na nashukuru kwamba uko hai kuniandikia. Uliruka kwa upendo, sikulaumu. Lakini umeuliza, nami sitakuficha: kuruka ndiko kulikokaribia kuwaua nyote wawili. Kujua kuogelea ni jambo moja, kujua kuokoa ni jingine kabisa. Katika mafunzo ninayotoa, waogeleaji hodari ndio huwa wagumu kuamini hili, mpaka mwenzao anayejifanya anazama awakabe.

Wahenga walisema mfa maji hukamata maji, na ndivyo ilivyo hasa. Rafiki yako hakukukaba kwa ubaya wala kwa ujinga. Mwili unaokosa hewa hupanda juu ya chochote kinachoelea, na pale kilichokuwa kikielea ni wewe. Ikikutokea tena, usishindane naye juu ya maji. Vuta pumzi, bana kidevu kifuani, kisha zama. Yeye anataka kwenda juu, kwa hiyo atakuachia. Msukume, ibukia mbali naye.

Yule mtu wa tawi ndiye aliyefanya kazi kama mwokoaji aliyefunzwa. Alibaki nchi kavu. Alilala chini ili uzito wenu usimvute majini. Ningependa uukariri mpangilio huu: kwanza nyoosha kitu, kama fimbo, kasia, taulo au shati. Kikiwa hakifiki, rusha kinachoelea. Kukiwa na mtumbwi au boti, itumie. Kuingia majini mwenyewe ni hatua ya mwisho kabisa, nayo ni ya aliyefunzwa, akiwa na boya mkononi.

Watu wengi hudhani hawana cha kurusha. Tazameni vizuri! Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri linaweza kushikilia karibu kilo 20 juu ya maji, na mtu aliyezama hadi shingoni anahitaji kilo chache tu ili mdomo wake ubaki nje. Hata kontena la plastiki la kubebea chakula, likifungwa, linasaidia. Kama una kamba, irushe ipite bega lake ili imwangukie, usiirushe ikaishia mbele yake, kwa sababu hataweza kuifuata. Usijifunge kamba hiyo kiunoni. Na muda wote msemeshe, mwite kwa jina kama unalijua: "Shika dumu! Piga miguu!" Wakati huohuo mwingine apige simu ya dharura.

Kwa mtu usiyemjua kuna ugumu mwingine, nao ni kutambua kwamba anazama. Methali nyingine inasema mfa maji haishi kutapatapa, na hapo watu wengi hupotea, kwa kuwa wanangojea kelele na mikono inayopungwa. Mara nyingi mtu anazama kimya. Hawezi kuita, maana mdomo unapotokeza juu anawahi kuvuta hewa tu. Kichwa kimelala nyuma, maji yako usawa wa midomo, nywele zimemfunika macho wala hazitoi. Mikono inakandamiza maji pembeni kama anayepanda ngazi isiyokuwepo, na haendi popote. Hali hiyo inaweza kudumu chini ya dakika 1 kabla hajazama. Ukiwa na shaka, muulize kwa sauti kama yuko salama. Asipojibu, anza kumsaidia.

Sasa la tumbo. Hapana, msimbonyeze. Maji yaliyo tumboni siyo yanayomuua, kinachomuua ni kukosa hewa, na kubonyeza tumbo humtapisha, matapishi yakaingia mapafuni. Mlaze chali, inua kidevu, angalia kama anapumua kwa sekunde zisizozidi 10. Mikoromo ya mojamoja usiihesabu kuwa ni kupumua. Kama hapumui, bana pua yake, mpulizie hewa mdomoni: miongozo ya Ulaya inataka pumzi 5 za mwanzo, ya Marekani 2. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2, na kuendelea hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Povu likitoka mdomoni usipoteze muda kulifuta, endelea kupuliza. Anayepumua lakini hana fahamu alazwe kwa ubavu.

Na hata akiamka akasema yuko sawa, kama alimeza maji akawa anakohoa au anahema kwa shida, aende hospitali siku hiyohiyo, maana mapafu yanaweza kuzidiwa katika saa chache zinazofuata. Kwa rafiki yako wiki 3 zimeshapita. Ikiwa anapumua vizuri na hana homa wala kikohozi, hilo lisikunyime usingizi tena.