Hita imezibwa kwa bolti, Hilux inachemsha kwenye mchanga

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Hilux LN106 yenye injini ya dizeli aina ya 3L (ni jina la injini, si lita tatu), nabebea mbolea na tumbaku huku Urambo. Rejeta ndogo ya hita ilikuwa inavuja ndani ya kabini, fundi wa hapa akakata mipira yake miwili na kuiziba kwa bolti na klipu. Siku hiyo hiyo akang'oa themostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto, akasema kwa joto la Tabora haina kazi. Gari ikiwa tupu mshale wa joto uko sawa. Nikipakia na kuingia kwenye mchanga, inachemsha. Bolti moja imeshachomoka na maji yote yakamwagika. Je, kuziba hita ndiko kunakoichemsha? Na mipira inatakiwa ipite wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Hita si ya kwanza kushukiwa. Katika kawaida yake, mstari wa hita una koki. Ukivuta kitasa upande wa baridi, koki inafunga, maji ya huko yanasimama, na gari haichemki. Ubaya wa bolti ni mwingine. Nyuzi zake zinaukata mpira kwa ndani, na kifuniko cha rejeta chenye alama ya 0.9 kinabana maji kwa presha ya karibu bar 0.9, ndiyo iliyoitoa bolti yako. Isitoshe, mpira uliozibwa unaweza kukaa na hewa karibu na silinda hedi (kichwa cha injini), sehemu usiyotaka hewa kabisa.

Anza na themostati. Itafute ile iliyotolewa uiangalie chini: ikiwa na kisahani cha pili, kazi yake ni kufunga njia ya mkato injini ikipata moto, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa, ile njia inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoa. Bila mzigo huoni tofauti. Kwenye mchanga, gia ndogo, mafuta mengi na upepo kidogo, utaiona. Rudisha mpya yenye digrii zile zile zilizogongwa kwenye ile ya zamani, gasketi mpya, na kale kavalvu kadogo ka kutolea hewa kakae juu.

Kwa kuwa tatizo linakuja gari ikienda polepole na mzigo, kagua pia klachi ya feni, kile kifaa cha katikati kinachoishika feni izunguke na injini ikiwa ya moto. Zima injini ikiwa ya moto, kisha zungusha feni kwa mkono: inatakiwa iwe nzito. Ikizunguka yenyewe raundi kadhaa, au ukiona mafuta yametapakaa kwenye klachi, imekufa. Kava la feni lisikosekane, bila hilo feni inazungusha hewa ile ile ya moto. Mapezi ya rejeta huku kwetu hujaa mbegu za nyasi na vumbi. Yaoshe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha kubwa inalaza mapezi.

Sasa mipira. Kama hutaki hita, usizibe, unganisha: bomba linalotoka kwenye hedi lipelekwe moja kwa moja kwenye bomba la kurudi upande wa wota pampu. Kipenyo cha ndani ni milimita 16, yaani inchi 5/8, lakini pima bomba lako kwanza. Nunua mpira wa hita wenye nyuzi ndani. Mpira wa kumwagilia bustani utalainika na kupasuka. Wa mafuta ya dizeli haukutengenezwa kwa maji ya moto. Mpira ulionyooka ukiukunja ghafla unajifunga, kwa hiyo kona ya U itengenezwe kwa mpira uliofinyangwa hivyo kiwandani, au kipande cha bomba la shaba cha kipenyo hicho.

Uweke mbali na manifoldi ya eksozi, angalau sentimita 5, na usiupitishe karibu na feni wala mkanda. Injini hucheza, kwa hiyo acha ulegevu kidogo, kisha ufunge kwenye bodi kwa kishikio chenye mpira. Waya mtupu utaukata. Klipu ikae nyuma ya kile kivimbe cha mwisho wa bomba, milimita chache kutoka ncha ya mpira. Bomba lenye kutu lipige msasa kwanza, la sivyo litavuja hata ukaze vipi. Ushauri wangu, ukipata rejeta ndogo ya hita nzima, irudishe. Safari ikiwa nzito, kufungua hita kwenye moto wote hukuondolea joto kidogo la injini, na hiyo nafasi umeitupa.

Kujaza: andaa lita 12 za mchanganyiko, kulanti (dawa ya rejeta) nusu na maji safi nusu, ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi. Egesha gari pua ikitazama mlima, acha kifuniko wazi, kitasa cha hita kwenye moto kama umeirudisha. Jaza taratibu, washa, na uminyeminye mpira wa juu wa rejeta huku ukiongeza hadi themostati ifunguke na mapovu yaishe. Baada ya hapo kifuniko hakifunguliwi tena mpaka injini ipoe. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi kama 96 tu. Ndani yanazidi hapo bila kuchemka kwa sababu ya presha, na ukiiachia ghafla yanakurukia.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, kaza klipu tena na uongeze kilichopungua. Halafu washa: mapovu yakiendelea kutoka kwenye rejeta, au mpira wa juu ukiwa mgumu ndani ya dakika moja wakati injini bado baridi, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Hapo hedi ifunguliwe, ikapimwe ufa kabla hujanunua gasketi.