Patini za caguwa kwa mtu anayeanza: usidanganywe na mbio za gurudumu

Mtu akinifuata kwa mambo ya patini za caguwa (viatu vya magurudumu ya mstari mmoja, vya mtumba) swali ni lile lile, je zinakimbia? Sasa huyu ata kusimama bado hajui, mbio za nini? Kule Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, muuzaji anapindua patini, anapiga gurudumu na kidole, linazunguka weee, "mkubwa ona, bado mupya!" Hiyo haikuonyeshi kitu, gurudumu lisilobeba mtu ata likiwa bovu linazunguka.

Anza na kiatu. Plastiki ikikaa miaka mingi inaoza na kwa macho huoni, njo maana mimi nabonyeza kwa nguvu pale kwenye kifundo na chini karibu na visi (skrubu), nikiona ufa ama inatoka vipande naacha, ata akinipa bure. Kifundo kikiwa lege lege miguu ya anayejifunza itapinda kwa ndani na hakuna fundi atakutengenezea hiyo. Akivaa asimame wima, vidole viguse mbele kidogo, akikunja magoti virudi nyuma. Na usinunue kubwa eti mtoto atakua.

Magurudumu kulika upande wa ndani ni kawaida. La kwanza kutoka mbele nalipeleka mguu mwingine nafasi ya tatu, la pili nafasi ya nne, na nalipindua ule upande uliolika utazame nje. Soma pia maandishi ya pembeni, kama 76mm (kipenyo) 82A (ugumu), hiyo namba ya A ikiwa ndogo gurudumu ni laini, na kwa gudroni (lami) yetu hii laini njo nzuri.

Sasa vumbi. Hapa Goma lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji 2002, mchanga mweusi unaingia kila mahali na rulema (bearing, vile vyuma vya duara vinavyozungusha gurudumu) njo zinaumia. Kila gurudumu liko na mbili, kwa hiyo patini za magurudumu manne manne ziko na 16, nyingi ni namba 608, yaani tundu milimita 8 na nje milimita 22, ukitafuta ingine taja tu hiyo namba. Mimi nazitoa zote, naziloweka kwenye esansi, yaani petroli (nje ya nyumba, na mbali na babula, jiko la makaa, jamani), natingisha, namwaga, narudia mpaka esansi isitoke nyeusi, zikikauka kabisa natia tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hapana, yanashika vumbi. Ikiendelea kukwaruza, tupa. Na kale kachuma ka katikati ya rulema mbili usikapoteze, bila hako ukikaza visi gurudumu linafunga.

Mtoto wa dada yangu nilimwekea girisi makusudi ili ziwe nzito, akanuna juu wenzake wanamupita, nikamwambia kwanza ujue kufrena.

Freni yenyewe vijana wanapenda kuing'oa, eti ni ya watoto. Irudishe. Kauchu (mpira) ya freni ikiisha, fundi wa viatu anaweza kukukatia kipande cha pine (tairi) ya gari, yangu inashika vizuri ila inachafua sima (saruji).

Kujifunza ni kwenye uwanja wa sima, uombe ruhusa, sio barabarani kwenye pikipiki na chukudu (skuta za mbao za kubeba mizigo), na wale wanaoshika nyuma ya lori za Fuso asiwaige kabisa. Zikilowa mvua zipanguse na utie mafuta siku ile ile, usingoje kutu.