Mungu Aliyemwita Hajiri kwa Jina

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 23. Nilikuwa mfanyakazi wa ndani mjini, nikapata ujauzito kwa kijana wa nyumba ile, na mama mwenye nyumba alipogundua nikafukuzwa siku hiyohiyo. Sasa niko kijijini kwa bibi yangu na mtoto mchanga, na baba yake hapokei simu. Kanisani nimezuiwa meza ya Bwana mpaka nitubu na kurudishwa kundini. Mzee mmoja aliniambia kwamba Mungu ana ulimwengu mzima wa kushughulikia. Je, ananijua mimi, au mimi ni mmoja tu katika umati?"

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Mzee aliyekuambia hivyo amekosea, nami nalisema hilo bila kusita, kwa sababu Maandiko yenyewe yanamkana.

Fungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 16, umsome Hajiri, mjakazi kutoka Misri aliyepata mimba katika nyumba ya bwana wake Abramu, akateswa na Sarai, mke wa bwana huyo, hadi akakimbilia jangwani. Angalia jinsi wenye nyumba wanavyomtaja: Sarai anasema "mjakazi wangu", Abramu anajibu "mjakazi wako", na katika maneno yao yote yaliyoandikwa hakuna hata mmoja wao anayetamka jina lake. Anayelitamka kwanza ni malaika wa Bwana, penye chemchemi ya maji njiani, tena anamuuliza ametoka wapi na anakwenda wapi, swali ambalo nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Naye Hajiri akamwita Bwana aliyesema naye "Mungu aonaye".

Najua malaika alimwambia arudi kwa Sarai. Agizo hilo alipewa yeye kwa wakati wake, na mtu asilitumie kukurudisha wewe katika nyumba iliyokudhalilisha. Katika sura ya 21 Hajiri anaingia jangwani tena, safari hii kwa kufukuzwa, akiwa na mwanawe na kiriba cha maji kisichotosha, na maji yanapokwisha anaketi mbali ili asimwone kijana wake akifa. Hapo Mungu anaisikia sauti ya kijana, anamfumbua mama macho, naye anaona kisima. Hakurudishiwa nafasi yake katika nyumba ya Abrahamu. Alipewa maji, na Mungu akawa pamoja na kijana hata akakua.

Kuhusu umati, Yesu mwenyewe ameligusa swali lako. Katika Mathayo 10 shomoro wawili wanauzwa kwa senti moja, na katika Luka 12 watano kwa senti mbili; ukipiga hesabu utaona kwamba wa tano hana bei, ni nyongeza tu, kama nyanya ambayo muuzaji anakuongezea juu ya fungu ulilokwisha kulipia. Hata huyo, anasema Yesu, hasahauliki mbele za Mungu. Katika Mathayo maneno hayo aliwaambia wanafunzi waliokuwa wakienda kukutana na mateso, kwa hiyo sitakuahidi kwamba aliyejulikana na Mungu haumii. Nakuambia kwamba unapoumia, Baba anajua ni wewe.

Kuzuiwa meza ya Bwana ni utaratibu wa kanisa lenu, wala si kipimo cha jinsi Mungu anavyokutazama. Nenda kwa mchungaji wako, ukifuatana na bibi au mama unayemwamini, umweleze habari yote, ikiwa ni pamoja na kama ulilazimishwa, kwa maana jambo hilo linabadilisha mengi, kanisani na mbele ya sheria.

Naye mtoto ana baba. Ikiwa uko Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambulia mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, hata kama hawakuoana. Fika kwa afisa ustawi wa jamii katika halmashauri yenu, ukiwa na kadi ya kliniki ya mtoto na namba ya simu ya baba yake, ukaombe msaada wa kudai matunzo. Usiogope kwamba kudai haki ya mwanao ni kukosa imani. Hajiri alipoonyeshwa kisima, aliinuka akaenda kujaza kiriba mwenyewe. Uniandikie tena utakapokuwa umeonana na afisa huyo, na unitajie jina la mtoto, nipate kumwombea.