Fundi mdogo na ujenzi usio na upotevu: niliyoyaona saiti mbili za Mwanza

Wakuu, salaam. Mleta uzi kauliza kama sisi wakandarasi wadogo wa bomba, umeme na plasta tunaweza kuifuata mbinu ya ujenzi usio na upotevu, yaani kupanga kazi ili muda, nguvu na vifaa visipotee bure, ile iliyoanzia viwanda vya Toyota, au ni mambo ya kampuni kubwa tu. Mimi ni fundi bomba, nina vijana tisa, na nimefanya kazi kwa mbinu hiyo saiti mbili hapa Mwanza. Ya kwanza ilinisaidia sana. Ya pili iliharibiwa, na ninataka uelewe iliharibiwaje.

Ya kwanza ilikuwa hosteli ya ghorofa nne, Nyegezi. Mwanzoni tulienda kama kawaida yetu: napigiwa simu Jumapili jioni, "kesho leta vijana." Tunafika, ukuta wa ghorofa ya pili haujafika hata kwenye lenta. Nauli na chakula vyangu. Na kwa kuwa tunalipwa kwa pointi, yaani kwa kila mahali bomba linapotokea, kila mtu anatafuta ukuta wowote uliosimama, anautindua apitishe bomba. Tulikuwa tumeanza ghorofa tatu na hatujamaliza hata moja. Kisha mafundi wa plasta wakafunika bomba ambazo hatujazipima presha, na bafu mbili zikabomolewa upya. Ugomvi wa nani alipe ule sitausahau.

Akaja mhandisi kijana, akasimamisha ubao wa plaiwudi ofisini, kila fani na karatasi za rangi yake. Tukaanzia mwisho: wanafunzi wanaingia lini? Kabla ya hapo vyombo vya choo, kabla yake vigae, kabla yake plasta, kabla yake sisi na umeme. Miaka yote ya kazi sikuwahi kukaa na fundi vigae aniambie ananihitaji niwe nimetoka siku gani.

Kila Jumatano tulikuwa na kikao cha nusu saa. Ahadi za wiki inayofuata anazitoa fundi mkuu wa kila kazi kwa kinywa chake, hapangiwi. Pia tunaangalia wiki sita mbele: vifaa, ramani, hela, ukuta wa kufanyia kazi. Kisicho tayari hakiahidiwi. Jumatano inayofuata tunahesabu, na kilichofika nusu hakihesabiwi. Wiki ya kwanza zilitolewa ahadi 11, zikatimia 5. Nikaona aibu, lakini mhandisi akatuambia kwamba Glenn Ballard na Greg Howell, Wamarekani waliouanzisha mfumo huu wa ahadi za wiki kwenye ujenzi, walikuta saiti za kwao nazo zinatimiza nusu na kidogo tu ya walichopanga kwa wiki. Baada ya miezi miwili tulikuwa tunatimiza 8 au 9. Vijana walewale, vifaa vilevile.

Kuna jambo moja lilinigusa. Wajapani upotevu wanauita "muda". Taiichi Ohno wa Toyota aliugawa katika aina saba, na mojawapo ni kusubiri. Sisi tunaotumia neno hilohilo kwa maana yetu tulipaswa kuelewa mapema kuliko wote.

Saiti ya pili ilikuwa Buhongwa. Ubao ulikuwepo, karatasi zilikuwepo, ila mkandarasi mkuu aliugeuza fimbo: ukikosa ahadi, unakatwa hela. Matokeo yake kila fundi akaanza kuahidi vitu vidogo ambavyo ana uhakika navyo. Ubao ulionyesha asilimia 90 huku jengo halisogei. Sababu ya kukosa nayo ilitakiwa kuandikwa, lakini hakuna aliyethubutu kuandika "sijalipwa", wakati ndiyo ilikuwa inatukwamisha wengi. Fundi akiogopa kusema "hapana, hapo hapako tayari" kwa sababu kesho ataletwa mwingine, ule ubao hauna kazi.

Kwa hiyo mkuu, jibu langu ni ndiyo, na usisubiri mkandarasi mkuu akuanzishie. Mimi sasa sipeleki vijana kwa simu. Jumamosi naenda mwenyewe nione ukuta kwa macho. Naongea na fundi umeme tuingie pamoja, ili ukuta utinduliwe mara moja. Bomba zinapimwa presha na kupigwa picha kabla ya plasta. Na nimeacha kulipwa kwa pointi, nalipwa kwa ghorofa iliyokamilika na kupimwa. Hili la malipo ndilo lililobadilisha vijana wangu kuliko kikao chochote, maana kuanza kazi mpya hakuna faida tena, faida iko kwenye kumaliza.

Sehemu moja usiifuate kwa kukariri: ile ya vifaa kufika siku ileile vinapohitajika. Huku viungio vingine vya bomba lazima viagizwe Dar, na basi likikwama umekwama nalo. Mimi naweka akiba ndogo ya vile vinavyosumbua kupatikana. Bomba za kawaida sirundiki, zinaibiwa na kukanyagwa.

Umesema umepewa kazi Igoma na mkataba bado hujausaini. Kabla hujasaini, muulize mkandarasi mkuu siku ambayo vijana wako wamefika na ukuta haupo, posho yao anailipa nani, na jibu lake liandikwe humo.