Jibu: Kasha la Commodore 64 lililogeuka njano

Habari mkuu. Umesema kasha la Commodore 64 yako, ile kompyuta ya zamani, limegeuka njano na sabuni imeshindwa. Kwanza futa upande wa chini kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikitoka kahawia, huo ni moshi wa sigara. Endelea kusafisha tu. Ikitoka safi, plastiki yenyewe ndiyo imebadilika.

Ikiwa hivyo, toa bodi ya saketi iliyo ndani na kibodi, bandua nembo. Nunua krimu ya peroksaidi ya asilimia 12, ile ya kupaushia nywele, maduka ya vipodozi wanayo. Vaa glavu, paka sawasawa, funga kwa nailoni inayoonyesha, anika juani. Wengi huharibu hapa: krimu ikikauka sehemu moja, yanabaki mabaka meupe. Geuza na upake tena mara kwa mara.

Jiki achana nayo. Na njano inaweza kurudi, hata ukilifungia kabatini.